Kumpiga mnyonge kumi bila siyo sifa

MWAKA 2010, wakati Afrika inahesabu siku kuelekea Kombe la Dunia kule Afrika Kusini, wanafunzi wa sekondari Marekani walikuwa na soka lao. Wachezaji ni roboti. Mchezo uliitwa Breakaway, wa mashindano ya FIRST, na una sheria moja ambayo natamani viongozi wetu wa soka waisome.

Kwanza tuelewane ulivyochezwa. Timu tatu zinaungana, zinakutana na nyingine tatu. Kila timu ina roboti moja iliyoiunda yenyewe. Sekunde 15 za mwanzo roboti zinajiendesha kwa programu, hakuna mtu kugusa usukani. Baada ya hapo wanafunzi wanaziendesha kwa dakika mbili. Mipira ni 12, hii hii ya kawaida namba 5. Bao moja, alama moja. Roboti ikimaliza mechi ikining'inia kwenye mnara, inaongeza mbili. Kubeba mpira ni faulo. Kupaki basi nako marufuku: eneo la lango lenu mnaruhusiwa kuweka roboti moja tu ya kukaba.

Sasa utamu wenyewe. Kwenye mechi za kupanga msimamo, wenza wanabadilika kila mechi. Uliyecheza naye asubuhi, mchana unaweza kukutana naye. Na mshindi hakupata alama zake tu, alipewa nyongeza mara mbili ya alama za aliyefungwa. Piga hesabu: ukishinda 10-0, nyongeza ni sifuri. Ukishinda 10-8, nyongeza ni 16. Hapo utaombaje roboti ya mpinzani iharibike? Bora umwazime spana aitengeneze.

Najua mtaniambia hapo ndipo mechi za kupanga zinapozaliwa. Hoja ina uzito. Aliyefungwa naye alipewa alama za mshindi, hivyo wapo walioona bora roboti zote sita zifunge lango moja. Msimu huo huo waandaaji wakampa mshindi alama 5 za ziada. Sheria ikiwa na tundu inazibwa, haitupwi.

Sisi tunafanya kinyume. Timu inafika uwanjani wachezaji hawajalipwa mishahara, inapigwa sita, tunacheka wiki nzima. Bingwa wetu akitoka nje ya mipaka akabanwa dakika 20 tu anatepeta, halafu tunamlaumu kocha. Angejifunzia wapi kubanwa?

Sisemi ligi ianze kugawa pointi za roboti. Nasema fedha za udhamini na za televisheni zikigawanywa, klabu kubwa zisione fungu la timu za mkiani kama sadaka. Hiyo ndiyo nyongeza yao wenyewe. Bingwa anapikwa na wapinzani wake, na wapinzani wenyewe wakishinda njaa, hapikwi mtu.