Ngao ya Dukani na Uso wa Bibi



Juma lililopita kijana mmoja wa hapa Mikindani alinijia ofisini na karatasi aliyoichapisha kutoka katika intaneti. Ilichorwa ngao, kofia ya chuma na simba aliyesimama kwa miguu ya nyuma, na chini yake jina la ukoo wake, jina la Kireno. Aliniomba nimsaidie kutafuta asili ya nembo hiyo kabla hajailipia.

Nilimwambia asiilipie. Nembo za ngao zilienea Ulaya katika karne ya 12, miongoni mwa wapiganaji waliofunikwa chuma na kuhitaji alama ya kutambuliwa. Kwa kawaida ilikuwa mali ya mtu na wazawa wake, wala si ya kila mwenye jina linalofanana na lake. Papa Benedikto wa XVI, alipochaguliwa mwaka 2005, aliweka katika ngao yake dubu wa Mtakatifu Korbiniani kwa kuwa aliwahi kuwa Askofu Mkuu wa Munich na Freising; jina la Ratzinger halikuhusika.

Na jina la kijana wetu? Babu yake, Mmakonde wa Msumbiji, alilipewa siku ya ubatizo, akavuka nalo Ruvuma wakati wa vita vya ukombozi vya 1964 hadi 1974. Isitoshe, Wamakonde huhesabu ukoo kwa upande wa mama, ilhali ngao za Ulaya kwa kawaida hufuata baba. Hata simba yule angekuwa wa kweli, asingewahusu wale ambao kijana huyu huwaita watu wa ukoo wake.

Neno lenyewe latukumbusha jambo. Kabla ya kuwapo Nembo ya Taifa, ile ya bibi na bwana, nembo zilikuwa chale zilizochanjwa usoni na mwilini. Mjerumani Karl Weule, aliyefika huku kusini mwaka 1906, alizipiga picha, na barakoa za mapiko zimezihifadhi. Sidai kwamba kila ukoo ulikuwa na chale zake. Zilimtambulisha Mmakonde na uvumilivu wake.

Mtaniuliza, padre anasifu chale? Kisu sikisifu. Lakini wengi wetu katika Kanisa tuliziona kuwa ushenzi mtupu, tukawafundisha watoto kuzionea haya nyuso za bibi zao. Haya hiyo ilinyamazisha mengi: nani alimchanja, wapi, na kina mama gani walikuwapo. Hapo tulikosa, na wenye kumbukumbu hizo wanazidi kupungua.

Daftari la ubatizo laweza kusaidia, maana kanuni ya 877 yataka yaandikwe majina ya wazazi, wasimamizi, mahali na tarehe. Leteni jina la mtu na mwaka wa kukadiria, nitafunua kurasa pamoja nanyi. Ila jina la mama wa mama halimo humo. Hilo huulizwa nyumbani.

Bibi yake mzaa mama yu hai, yuko Kitaya, na nembo anazo. Kijana alikiri hajawahi kumwuliza, akidhani ni utovu wa adabu. Jumamosi tutakwenda wote wawili, yeye akiwa mkalimani, maana Kimakonde cha wazee bado chanishinda.