Zile Kilo Nne Zilikuwa Maji

Wiki iliyopita msichana fulani alinitumia meseji: "Niko Form Three. Nimeona picha zako. Hiyo unga ya sheki nitapata wapi?" Nimekaa nayo siku tatu bila kujibu. Leo najibu, na nyinyi wote someni.

Ni kweli niliposti. Harusi ya binamu yangu ilikuwa imebaki siku kumi na zipu ya gauni haifungi. Mtu akaniuzia pakiti kwa WhatsApp: tatu kwa siku, maji mengi, chakula kingine hakuna. Nilipiga hesabu ya kilichoandikwa nyuma ya pakiti, nikapata kama kalori 600. Siku nzima! Mtu mzima wa kawaida huhitaji kama 2,000. Siku ya tano nikasimama nishuke kwa matatu, macho yakaingia giza. Makanga ndiye alinidaka. Hiyo sikuposti. Niliposti mizani: kilo nne chini.

Wasee, ukinyima mwili chakula ghafla, unaanza kutumia sukari iliyohifadhiwa kwa ini na misuli. Sukari hiyo hukaa pamoja na maji, kwa hivyo ikiisha, maji nayo yanatoka. Kilo nyingi za wiki ya kwanza ni hayo maji. Baada ya harusi nilirudia ugali na chapo, na kabla wiki iishe kilo tatu zilikuwa zimerudi.

Najua kuna mtu atasema, "Lakini hizo sheki zinasaidia watu." Ni ukweli. Uingereza kulikuwa na utafiti unaoitwa DiRECT. Watu wenye kisukari aina ya pili walikaa kwa sheki na supu, kalori 825 hadi 853 kwa siku, miezi mitatu hadi mitano. Baada ya mwaka, karibu nusu yao kisukari kilikuwa kimetulia bila dawa. Hiyo si mchezo. Lakini walikuwa watu wazima, wenye uzito wa kupita kiasi, walipimwa kwanza, na walifuatiliwa kliniki hadi chakula cha kawaida kikarudishwa polepole.

Sisi tunauziwa pakiti bila hiyo kliniki. Nani atakuangalia ukipata mawe kwa nyongo? Nani atakuambia kwa nini nywele zinang'oka? Marekani, miaka ya 1970, watu wapatao 60 walikufa wakifuata dayati ya protini ya maji, wengine moyo ukisimama ghafla. Dayati za siku hizi zimeboreshwa, lakini muuzaji wa WhatsApp hajui moyo wako uko aje. Mimi pia sijui.

Kwa hivyo dadangu wa Form Three, sitakupa hiyo namba. Bado unakua. Kama uzito unakusumbua, ongea na mzazi, muende hospitali mumuone mtu wa lishe. Na pole. Picha zangu nimezifuta leo asubuhi, na ningefaa kuzifuta ile siku makanga alinidaka.