Picha Yako Ikitoka Lumemo, Ifuate



Masika yakikaza na mto Lumemo ukatoka kwenye kingo zake, maji huingia mitaani Ifakara na simu hutoka mifukoni. Mtu ameshapandisha godoro juu ya kabati, ameshahamishia gunia la mpunga kwa jirani mwenye msingi mrefu, ndipo anasimama mlangoni kupiga picha. Ni jambo la maana. Picha hiyo ndiyo inayowafanya wakubwa wa Morogoro na Dodoma waamini kwamba maji yamefika madirishani, na ndugu walio mbali wajue kwamba wa kwao wako hai. Lakini ikishatoka kwenye kundi la WhatsApp la mtaa, nani anajua imelala wapi? Yaweza kuonekana kesho kwenye ukurasa wa mtu asiyewahi kukanyaga Kilombero, imekatwa pembeni, jina la mpigaji halipo, chini yake pametajwa wilaya nyingine na namba ya simu ya kutumia michango.

Nasema bila kuzunguka: picha iliyowekwa mtandaoni bado ina mwenyewe, na mwenyewe ana wajibu wa kuifuata kule ilikokwenda. Tumezoea kusema, "Nimeshaiposti, sasa ni ya watu." Kauli hiyo haina mguu wa kusimamia mbele ya sheria, nayo inatuumiza sisi wa bonde la Kilombero kuliko wengi, maana bonde letu linapigwa picha sana. Liko Daraja la Magufuli, mita 384 juu ya mto Kilombero, lililofunguliwa Mei 2018. Wako sheshe kwenye mbuga za ardhioevu iliyoingizwa kwenye orodha ya Ramsar mwaka 2002. Yako maporomoko ya Sanje huko Udzungwa, mitumbwi ya wavuvi, reli ya TAZARA, na mashamba ya mpunga yasiyo na mwisho wa macho. Picha za namna hii zinatafutwa kwa kalenda, kwa ripoti za miradi, kwa matangazo ya utalii, hata kwa mifuko ya mchele. Aliyepigwa na jua kuzitafuta mara nyingi ni kijana wa Kibaoni au Viwanja Sitini mwenye kamera ya mkopo.

Kijana huyo na ajue haki yake. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Na. 7 ya mwaka 1999, inaitaja picha miongoni mwa kazi inazozilinda. Ulinzi unaanza pale picha inapopigwa. Kusajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki nchini, kunasaidia ushahidi, lakini si sharti la kuwa mwenye mali. Sheria inampa mpigaji haki ya malipo, na inampa pia haki ya kutajwa jina na ya kukataa kazi yake kupotoshwa. Mipaka ipo: mtu anaweza kunukuu, au kuripoti habari, kwa kiasi. Aliyeajiriwa kupiga picha na asome kwanza mkataba wake, maana huenda ameshakabidhi haki hizo kwa mwajiri. Hata hivyo, kutengeneza tangazo la biashara kwa picha ya mtu hakujawahi kuwa kunukuu. Na kwa kuwa nchi yetu imo katika Mkataba wa Berne tangu 1994, picha iliyopigwa ukingoni mwa Lumemo inalindwa hata ikitumiwa Ujerumani au Marekani.

Wako watakaosema: haya ni maneno ya vitabuni, mnyonge atashindana vipi na kampuni? Nawajibu kwa habari ya Daniel Morel, mpiga picha wa Haiti. Tetemeko la Januari 2010 lilipoibomoa Port-au-Prince, Morel alipiga picha siku ile ile na kuziweka mtandaoni. Mtu mwingine akazinakili na kujifanya ni zake. Shirika la habari la AFP likazichukua kwa jina hilo la uongo, na kupitia wakala wa picha Getty zikauzwa duniani. Morel hakunyamaza. Alizifuatilia, akaonyesha za kwake za mwanzo, akapambana mahakamani New York, na Novemba 2013 baraza la wazee wa mahakama likaamua alipwe dola milioni 1.2 kwa picha 8. Yeye naye alikuwa mtu wa nchi maskini, kwenye maafa, akiwa na mtandao wa kubahatisha. Kilichombeba ni kwamba alikuwa na picha zake za asili na alijua zilianzia wapi.

Hapo ndipo wengi wetu tunaanguka. Kijana anapiga picha nzuri, anaituma kwenye kundi, simu inajaa, anafuta ya asili na kubaki na ile iliyomrudia kupitia WhatsApp. Hebu tuitazame hiyo iliyorudi. Jina lake limekuwa mfano IMG-20240425-WA0012: tarehe hiyo ni ya siku ilipopita WhatsApp, si ya siku uliyopiga, na herufi WA zinatangaza kwamba hii ni nakala. Kamera ya simu ilitoa pikseli 4,000 kwa 3,000. Iliyorudi ina upande mrefu wa 1,600 hivi. Taarifa zilizokuwa zimejificha ndani ya faili, yaani saa, aina ya simu, pengine hata mahali uliposimama, zimefutwa zote. Ukienda na nakala hiyo kudai haki, wewe na mwizi mko sawa: kila mmoja ana nakala. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaitaka mahakama itazame jinsi ushahidi wa kielektroniki ulivyotengenezwa na kutunzwa. Basi itunze picha ya asili kwenye kadi au kwenye kompyuta ya studio, na ukilazimika kumtumia mteja picha kamili, itume kama dokumenti.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, nami nawasihi mlichukue neno hilo kama lilivyo. Nunueni daftari la kurasa mia. Andika tarehe, mahali, nani yumo pichani, nani ulimpa ruhusa ya kuitumia, kwa kazi gani na kwa bei gani. Daftari hilo ndilo litakalokukumbusha, miaka mitatu baadaye ukiiona picha ya mavuno ya Mbasa kwenye bango barabarani, kama uliiuza au imeibwa.

Kufuatilia kwenyewe si uchawi. TinEye, tovuti ya kutafuta kwa picha, ilianza mwaka 2008 na Google ikaruhusu utafutaji huo mwaka 2011. Leo kwenye simu ya kawaida unagusa picha kwa kidole, unashikilia, unachagua kuitafuta kwa Lens, na zinazofanana nayo zinakuja. Fanya hivyo kwa picha zako bora kila mwisho wa mwezi. Ijaribu pia iliyogeuzwa kushoto kulia, na iliyokatwa, kwa kuwa wezi hupenda ujanja huo. Lakini vyombo hivi vinaona tu kilicho wazi mtandaoni. Haviingii kwenye makundi ya WhatsApp wala kwenye stetasi za watu, navyo havioni kibandiko kilichobandikwa kwenye mlango wa duka Mikumi. Huko macho yako ni ya jamaa na marafiki: waambie kazi zako zinafanana vipi, na uwaombe wakutumie wakiziona. Mfugaji anayempiga chapa ng'ombe wake hategemei kumkuta mwenyewe. Anategemea kila mtu mnadani ataijua chapa. Jina lako dogo kwenye kona ya picha, mahali ambapo kulikata ni kuiharibu picha, linafanya kazi hiyo.

Ukiipata picha yako kwa mtu, usikimbilie kutukana. Hakikisha kwanza ni yako kweli, maana watu wawili wakisimama pamoja darajani watapata picha mbili zinazofanana. Piga skrinishoti inayoonyesha ukurasa mzima, anwani na tarehe. Ihifadhi linki kwenye Wayback Machine ya Internet Archive kabla mwenye ukurasa hajaifuta. Kisha mwandikie kwa adabu: picha hii ni yangu, niliipiga Lumemo tarehe fulani, naomba uweke jina langu, au uiondoe, au tuzungumze malipo. Wapo waliochukua kwa kutojua, na hao huwa waungwana. Akikunyamazia, Facebook na Instagram zina fomu za kulalamikia hakimiliki, nazo huziheshimu kwa kuwa sheria ya Marekani ya 1998 inazibana. Baada ya hapo iko COSOTA, iko mahakama, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 nayo inagusa wizi wa kazi za ubunifu mtandaoni.

Sasa niwageukie wapiga picha wenzangu kwa upande wa pili, upande unaonisumbua zaidi. Picha ina mpigaji, na ina aliyepigwa. Tunapaza sauti picha zetu zikiibwa, na huku tumewapiga watoto wa watu wakiwa uchi mtoni, mama aliyekaa juu ya tofali maji yakiwa yamemchukulia kila kitu, mgonjwa kitandani, marehemu ndani ya jeneza. Nani aliwauliza?

Hapa Ifakara hatuna haja ya kuletewa mgeni atufundishe kuomba ridhaa. Tangu 1957, maabara ndogo ya Waswisi ilipoanza na baadaye ikawa Taasisi ya Afya Ifakara, watafiti wamekuwa wakibisha hodi kwenye nyumba zetu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 chanjo ya malaria ya SPf66 ilipojaribiwa kwa watoto wa Idete, wazazi waliombwa kwanza. Leo tone la damu la kidoleni linaombwa kwa maelezo, karatasi na sahihi, na mzazi akikataa hakuna wa kumlazimisha. Iweje uso wa mtoto huyo huyo, unaomtambulisha kuliko damu yake, uchukuliwe na mpita njia na kurushwa dunia nzima bila hata salamu?

Sheria imeshaliona hili. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 1, 2023, na picha inayomtambulisha mtu ni taarifa yake binafsi. Iko Tume ya kupokea malalamiko. Jirani zetu wa Kenya wamekwenda mbele zaidi, na inafaa tuwatazame. Desemba 2022 Kamishna wa Ulinzi wa Data wa huko aliitoza kampuni ya Oppo shilingi milioni 5 za Kenya kwa kutumia picha ya mtu kwenye Instagram bila ridhaa yake. Septemba 2023 ukumbi wa starehe wa Casa Vera ulitozwa shilingi 1,850,000 kwa kuposti picha ya mteja, na Roma School ikatozwa 4,550,000 kwa kuweka picha za wanafunzi wadogo bila idhini ya wazazi. Shule ndiyo iliyotozwa zaidi kati ya hao wawili, na ndivyo inavyopasa. Mtu mzima ukumbini anaweza kujitetea. Mtoto wa darasa la pili hawezi.

Na hatari ya mtoto haiishii kwenye kuchekwa. Juni 2024 Human Rights Watch walieleza kwamba wamekuta picha 170 za watoto wa Brazil ndani ya LAION-5B, hazina kubwa ya picha iliyotumika kufundishia mashine za akili unde. Nyingine zilikuwa za sherehe za nyumbani, zilizowekwa na familia zenyewe kwa furaha. Wazazi hao hawakumpa mtu ruhusa; waliweka tu, wakasahau.

Kuna hoja moja nimeisikia kwa watu wema, nayo ni hii: wakati wa mafuriko, nani ana nafasi ya kufikiria hakimiliki? Aprili 2024 Waziri Mkuu aliliambia Bunge kwamba mvua za msimu huo zimeua watu 155 nchini. Siku kama hizo ndizo picha ya kweli inapohitajika kuliko zote. Mtu akirusha picha ya mafuriko ya zamani akaiita ya leo, mtoa msaada anapeleka mahema mahali pasipo na shida, na akigundua kadanganywa, hata kilio cha kweli cha Lipangalala atakitilia shaka. Anayeuliza "picha hii kapiga nani, lini, wapi?" analinda riziki ya mpigaji na uhai wa aliyeathirika kwa swali lile lile. Admini wa kila kundi la mtaa na aanze kuliuliza.

Wazazi, kwenye mkutano wa muhula ujao muulizeni mwalimu mkuu, kwa heshima, fomu ya ridhaa ya picha iko wapi. Kama haipo iandikwe: nani anapiga, zinawekwa wapi, na zitaondolewa baada ya siku ngapi mzazi akiomba. Wenye studio, acheni kupamba kuta na kurasa zenu kwa maharusi ambao hamkuwauliza. COSOTA na Tume ya taarifa binafsi wawalete maofisa wao Ifakara kabla ya masika, wakae Kibaoni siku kadhaa, wapokee picha za vijana na wasikilize malalamiko ya kina mama. Na Halmashauri ya Mji, kila inapochapisha kalenda au kitabu cha utalii, chini ya kila picha pawe na jina la aliyeipiga, na malipo yake yawe yametoka kabla kazi haijapelekwa kuchapwa.