Sauti Isiyo na Jina



Mwezi huu tuzungumze juu ya mgeni aliyeingia nyumbani mwetu bila kubisha hodi. Analala kando ya mto wetu, anakwenda nasi shambani na sokoni, na mara nyingi ndiye tunayemtazama asubuhi kabla hatujamjulia hali mume wala kumshukuru Mungu kwa kutuamsha. Nasema juu ya simu ya mkononi, hasa hii ya kugusa kwa kidole.

Sikusudii kuwaambia mumfukuze. Kwa simu mtoto aliye Dar es Salaam humtumia mama yake fedha ya dawa, ikafika kabla ugali haujaiva. Kwa simu mama mjamzito aliye kijijini huita bodaboda usiku uchungu unapoanza. Mgeni mwenye faida kama hiyo hafukuzwi. Lakini hata mgeni mwema huulizwa: unatoka wapi, umetumwa na nani, na umebeba nini?

Kati ya mizigo aliyobeba, mmoja unanisumbua kuliko mingine, nao ni zile sauti zilizorekodiwa. Mnazifahamu. Mtu anazungumza dakika tatu au nne kwa upole, kama dada anayemwonya mdogo wake. Anasema yeye ni daktari wa hospitali kubwa, lakini hospitali haitaji wala jina lake halisemi. Kisha anatoa onyo: chanjo wanayochomwa mabinti zetu ni ya kuwafunga vizazi. Mwishoni anasihi, "Mtumie kila mama unayempenda." Na mama, kwa kuwa ana wapendwa wengi, anawatumia wote kabla chai haijapoa.

BIBI ALIYEULIZA VEMA

Siku moja ya chanjo alifika bibi mmoja na mjukuu wake wa kike wa miaka 11. Tulipokwisha kusalimiana akaniambia, "Mwanangu nesi, mimi sikatai hospitali. Lakini huyu ndiye niliyeachiwa na marehemu mwanangu. Mkimfunga kizazi, ukoo wangu umekwisha."

Nikamwambia, "Bibi, hofu yako naiheshimu. Ni nani aliyekuambia habari hizo?"

"Yumo humu," akasema, akiinua simu.

Nikamwuliza jina la huyo aliyemo humo. Bibi akamtazama mjukuu, mjukuu akaitazama simu. Hakuna aliyejua. Ndipo bibi akacheka kidogo na kusema, "Hata kuku sinunui kwa mtu nisiyemjua kwao."

Siku ile hakukubali. Alisema atakwenda kuuliza kwanza, nami niliona ni haki yake, maana kuuliza si ujinga. Baada ya wiki mbili alirudi na binti. Alikuwa ameuliza kwa mwalimu, kwa wenzake wa jumuiya, na kwa jirani aliyemuuguza dada yake hadi mwisho kwa ugonjwa ambao chanjo hii inauzuia.

Ugonjwa huo ni saratani ya mlango wa kizazi. Katika nchi yetu ndiyo saratani inayowapata na kuwaua wanawake wengi kuliko saratani nyingine yoyote. Karibu yote hutokana na virusi viitwavyo HPV, ambavyo huambukizwa kwa kujamiiana. Mwanamume anaweza kuwa navyo asijue, na mke mwaminifu akaletewa ndani ya ndoa yake. Mara nyingi mwili huviondoa wenyewe. Lakini vikibaki huweza kukaa kimya miaka 15 hadi 20 kabla saratani haijajitokeza, na ndiyo maana wengi huja hospitali wakiwa wamechelewa.

Daktari Harald zur Hausen wa Ujerumani ndiye aliyeonyesha uhusiano wa virusi hivyo na saratani hii, akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 2008. Chanjo iliidhinishwa kwa mara ya kwanza mwaka 2006. Tanzania ilianza kuitoa nchi nzima Aprili 2018 kwa wasichana wa miaka 14, na mwaka 2024 ikaingia katika utaratibu wa dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14, bila malipo. Ndani yake hakuna kirusi kilicho hai. Kuna mfano wa ganda lake la nje tu, kama kumwonyesha mlinzi sare ya mwizi bila kumleta mwizi mwenyewe. Mkono unaweza kuuma, binti anaweza kupata homa kidogo au kizunguzungu, lakini kizazi chake hakiguswi.

Wapo wazazi wanaosema kwamba chanjo hii inawapa mabinti ruhusa ya uasherati. La hasha! Tumewatundikia watoto wetu vyandarua miaka yote, na hakuna hata mmoja aliyejifunza kuwapenda mbu. Binti afundishwe usafi wa moyo na apewe kinga pia. Nasi mama zao, hasa wenye miaka 30 hadi 50, tukapimwe. Mlango wa kizazi hupakwa siki iliyopunguzwa makali, na penye dalili hugeuka rangi kuwa nyeupe. Dalili za mwanzo huweza kutibiwa mapema, kabla hazijawa saratani. Mama anayeishi na virusi vya UKIMWI asingoje umri huo. Aanze akiwa na miaka 25, kwa sababu hatari kwake ni kubwa zaidi.

ANAYETISHA NA ANAYEUZA

Sasa turudi kwenye ile sauti. Nimeona mara nyingi kwamba onyo juu ya kizazi halikai peke yake. Nyuma yake huja picha ya chupa au ya unga wa mitishamba, pamoja na namba ya kupiga: dawa ya kusafisha kizazi, dawa ya kuzibua mirija, dawa ya kumrudisha mume. Kwanza unatishwa, halafu unauziwa. Hofu imegeuzwa kuwa duka.

Dada zangu, kizazi si sufuria, hakihitaji kusuguliwa. Mungu alikiumba kijisafishe chenyewe. Anayejiingizia unga na majani sehemu za siri huwaua wale vijidudu wema waliowekwa kulinda mahali pale, na hapo ndipo harufu na muwasho huanza. Kisha hununua chupa ya pili ili kuponya madhara ya chupa ya kwanza.

Hapa Muheza tunajua kununua. Msimu wa machungwa mama hufika sokoni, huliminya chungwa, hulinusa, humwambia muuzaji alimenye moja walionje. Akiuziwa mabovu, kesho humrudia muuzaji yule yule na kumwambia usoni. Je, inakuwaje mama huyo huyo, aliye makini hivyo kwa chungwa, aingize tumboni mwake kitu alichouziwa na sauti ambayo hatauona uso wake kamwe?

UVUMI NI MZEE KULIKO SIMU

Tusiisingizie simu mambo yote. Mwaka 2003, kabla simu za kugusa hazijafika, viongozi wa jimbo la Kano kaskazini mwa Nigeria walisimamisha chanjo ya polio kwa madai kwamba inafunga vizazi. Watu waliamini, maana hofu ya kukosa watoto ni hofu ya kweli kwa Mwafrika. Mwaka 2004 chanjo ilirudi, baada ya Kano kukubali kutumia iliyotengenezwa Indonesia. Lakini katika muda huo virusi vilikuwa vimesafiri hadi nchi ambazo zilikuwa zimekwisha kuushinda ugonjwa, na mwaka 2005 virusi vyenye asili ya huko viligunduliwa hata Indonesia kwenyewe. Agosti 2020 Afrika ilitangazwa kuwa haina tena polio ya asili, nasi tukamshukuru Mungu. Hata hivyo, mtoto aliyelemaa mwaka 2004 hakurudishiwa mguu wake na tangazo la mwaka 2020.

Siasa nayo huuchochea moto huu. Mwaka 2021 tuliona chanjo ya UVIKO-19 ikigeuka mjadala wa kambi mbili. Januari Rais Magufuli alizitilia shaka chanjo hadharani. Julai 28 Rais Samia alichanjwa hadharani. Mapafu ya Mtanzania hayakubadilika kati ya Januari na Julai. Kilichobadilika ni upepo, na wengi wetu tuliukataa au kuukubali ushauri wa afya kwa kutazama nani amesema na tunampenda kiasi gani. Mimi nasema mjadala wa siasa ni mzuri, na mama wa Kikristo asiukimbie, kwa kuwa bei ya unga na dawa za zahanati huamuliwa humo. Lakini ushabiki ukiingia hospitali, anayelazwa kitandani ni mgonjwa, mwanasiasa hayupo.

JINSI MAMA ZETU WALIVYOSIKILIZA

Mwaka 1973, kabla wengi wetu wa umri wangu hatujazaliwa, palikuwa na kampeni ya redio iliyoitwa Mtu ni Afya. Redio zilikuwa chache vijijini. Watu walikusanyika kwa vikundi, wakasikiliza kipindi pamoja, na kiongozi wa kikundi aliyefundishwa kazi hiyo akawa na kitabu mkononi. Walijifunza juu ya malaria, safura, kichocho, kuhara na kifua kikuu. Kipindi kilipokwisha hawakutawanyika. Walijadili, wakaulizana, kisha wakaamua la kufanya: kuchimba vyoo, kufyeka majani, kufukia madimbwi. Watu wapatao milioni 2 walishiriki katika vikundi hivyo.

Sitamani turudi kwenye sauti moja tu ya serikali. Ni jambo jema kwamba baada ya sheria ya utangazaji ya mwaka 1993 vilikuja vituo vya watu binafsi, kama Radio One na ITV mwaka 1994, tukapata kusikia upande wa pili. Ninachokililia ni kile kikundi. Siku zile redio moja ilikuwa na masikio mengi na midomo mingi ya kuuliza. Leo kila sikio lina redio yake na waya wake, na mama anaipokea hofu akiwa peke yake usiku, hana wa kumwuliza. Mtu aliye peke yake ndiye rahisi kutishwa, na ndiye rahisi kuuziwa.

Kwa hiyo nina ombi kwa vikundi vya akina mama makanisani. Katika ibada zetu za katikati ya wiki, tutenge nusu saa. Anayepokea sauti au habari ya kutisha juu ya afya, chakula au nchi yetu aje nayo, tuisikilize sote, kisha tuulizane maswali matatu. Nani anasema, na tukimtaka tutampata wapi? Anataka tufanye nini: tununue, tumchukie mtu, au tusambaze tu? Na hapa karibu ni nani mwenye ujuzi anayeweza kutuhakikishia? Awe nesi, mwalimu, bwana shamba au mwanasheria, aitwe, naye akubali kuulizwa maswali magumu. Sisi wauguzi tusikasirike tunapoulizwa. Mama anayeuliza yuko karibu na kupona kuliko anayeitikia kwa kichwa akaenda zake.

Habari ikikosa majibu, isipite kwetu. Najua wahenga walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Lakini wahenga hao hao walituachia onyo kwamba njia ya mwongo ni fupi, na wao walikuwa wakimjua msemaji na kijiji chake. Amri ya kutomshuhudia jirani uongo haikusema ni kwa ulimi tu. Kidole kinachobonyeza kutuma nacho kinashuhudia.

Tukasome tena Matendo ya Mitume sura ya 17. Watu wa Beroya walimsikia Paulo mwenyewe, mtume wa Bwana, na bado kila siku waliyachunguza Maandiko ili waone kama mambo aliyosema ndivyo yalivyo. Paulo hakuchukizwa nao, na Maandiko yanawasifu. Wengi wao waliamini, na Luka hakusahau kutaja kwamba miongoni mwao walikuwamo wanawake wenye heshima. Ikiwa Paulo alichunguzwa, sauti isiyo na jina ni nani hata tuiamini kwa kuisikia mara moja?

Mama mwenye binti wa miaka 9 hadi 14, mwulize binti yako leo kama amechanjwa, na uende kituo cha afya kilicho karibu ukaulize yote yanayokutia shaka. Mungu awabariki, awalinde binti zetu na vizazi vyao. Tukutane tena mwezi ujao, Bwana akipenda.