KIPYA KINYEMI, LAKINI KILA LINI?

Leo nasema neno juu ya kompyuta, hasa ile programu kuu inayoiendesha, kama vile Windows. Je, watengenezaji watuletee toleo jipya la kulipiwa kila baada ya muda gani? Wengine hudai kila mwaka, ati dunia haingoji mtu. La hasha! Miaka mitano isipungue, na toleo jipya likubali mashine ya zamani.

Hebu tutazame historia. Windows XP ilitoka mwaka wa 2001, Windows 7 mwaka wa 2009, Windows 10 mwaka wa 2015 na Windows 11 mwaka wa 2021. Kisha tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ikakomesha huduma ya kawaida ya Windows 10. Mwenye Windows 10 hatozwi ada kuhamia Windows 11, lakini Windows 11 inadai kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0 na prosesa ya miaka ya karibuni. Mashine isiyo navyo hukataliwa. Basi bei si ya programu tena, ni ya kompyuta nzima!

Hapa Nyeri, na kule Karatina na Nanyuki, saiba nyingi hutumia kompyuta za mitumba kutoka ng'ambo. Huko ndiko mwanafunzi hujaziwa fomu ya HELB. Nasi wa shule za kutwa tunagawana mashine chache darasa zima, na mwaka ujao tutafanyia mradi wa KCSE wa somo la Kompyuta kwa mashine zizo hizo. Zikitupwa, tutaufanyia wapi?

Hata hivyo, mgala muue na haki umpe. Waandishi wa programu nao hula, na wezi wa mtandaoni hawalali. Kwa hivyo marekebisho ya usalama yaje kila mwezi bila malipo, bali toleo kubwa lisubiri. Jambo hili linawezekana. Ubuntu hutoa toleo la kudumu kila miaka miwili, tena bure, na kila moja hutunzwa miaka mitano. Hakuna anayesukumwa. Apple nayo iliwahi kuuza matoleo ya Mac, lakini tangu 2013 haitozi.

Wazazi wetu wakulima wa kahawa wanaelewa sana mambo haya. Ruiru 11 ilitolewa mwaka wa 1985, na Batian ikafuata mwaka wa 2010, yaani miaka 25 baadaye. Tena mwenye SL28 hakulazimika kung'oa shamba. Aliweza kukata shina na kupachika chipukizi la Batian juu ya mzizi ule ule. Mbona wenye kompyuta wasitufanyie vivyo hivyo?

Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Nakomea hapo. Asiyekubali nami na aandike katika toleo lijalo la gazeti letu. Hilo huja mara moja kwa mwaka, na halimkatai msomaji yeyote!