Mnaonea edonga haya, halafu mnalia hamna sound

Nitasema na mkasirike: vijana wengi wa Lodwar na Kakuma tunaonea haya muziki wa nyumbani, halafu tunashangaa nyimbo zetu zikisikika kama za Nairobi zilizochelewa kufika.

Skizeni The Black Keys. Ni watu wawili tu, Dan Auerbach kwa gitaa na Patrick Carney kwa dramu, wametoka Akron, mji wa matairi huko Ohio, Marekani. Albamu yao ya pili, Thickfreakness ya 2003, waliirekodi chini ya nyumba ya Carney kwa saa 14 hivi. Iliyofuata waliirekodi ndani ya kiwanda cha matairi kilichofungwa. Gitaa linakwaruza, linakoroma kama lori likipanda Kamatira, na huo ndio utamu wenyewe. Kwa hivyo hiyo stori ya "hatuna studio" peleka mbali.

Lakini sound hiyo hawakuitoa hewani. Mengi walichota kwa Junior Kimbrough, mzee wa mashambani Mississippi aliyezungusha gitaa palepale, palepale, mpaka watu wanapagawa. Mazee, ukiisikia utadhani ni binamu wa edonga: kitu kimoja kinarudiwa, miguu inashuka pamoja. Mwaka 2006 wakatoa Chulahoma, nyimbo za Kimbrough tupu, na mwishoni unasikia sauti ya mjane wake kwenye simu akiwasifu. 2021 wakarudi tena na Delta Kream, safari hii na Kenny Brown na Eric Deaton, watu waliopiga na wazee wenyewe.

Najua kuna mtu atasema, "Si hao ni wazungu waliotajirika na muziki wa watu weusi?" Eeh! Hapo ndipo panaponiuma. Albamu ya kwanza ya Kimbrough ilitoka 1992, tayari yuko na miaka zaidi ya 60. Akafa 1998. Grammy zikaenda kwa vijana wa Akron 2011. Na hao angalau walimtaja jina.

Sasa atakayekuja Kalemng'orok na maikrofoni yake atamtaja nani, kama sisi wenye simu mfukoni hatujawahi kumuuliza babu wimbo wa ng'ombe wake dume unaendaje? Ameutunga mwenyewe. Hauko YouTube, hauko popote, uko kichwani mwake tu.

Mimi niko na jerikeni ya kupiga. Kama uko na gitaa, hata la nyuzi nne, hapa ama Lokichar, niandikie inbox.