Usimimine uji moto katika plastiki

Majuzi nilimtembelea rafiki yangu aliye na mtoto wa miezi minane. Tukiwa tunazungumza, yaya aliepua uji wa wimbi uliokuwa ukitokota, akaumimina ndani ya mkebe wa plastiki uliokuwa na siagi hapo awali, akaufunika ili mtoto anywe akiamka. Mkebe ulilegea papo hapo. Aliponiona nikiutazama, yaya alisema, "Nimeuosha vizuri, dada."

Mama msomaji, shida haikuwa uchafu bali joto. Mkebe kama huo ulitengenezewa siagi baridi, wala si uji unaotoka jikoni.

Plastiki huwa na kemikali ambazo hutoka kidogo kidogo na kuingia katika chakula, na hutoka kwa wingi chakula kikiwa moto. Mojawapo ni BPA, iliyotumiwa kwa miaka mingi kutengeneza chupa ngumu za watoto zinazong'aa kama kioo. Kemikali hii huweza kuiga homoni ya kike mwilini. Kwa sababu hiyo, Canada iliipiga marufuku katika chupa za watoto mnamo 2010, nchi za Muungano wa Ulaya zikafuata 2011, nayo Marekani 2012.

Huenda ukasema kwamba chupa yako imeandikwa kuwa haina BPA. Ni vyema, lakini hilo halimalizi mambo. Chupa nyingi siku hizi ni za polipropileni, zenye nambari 5 ndani ya pembetatu kwenye kitako. Mnamo 2020, watafiti wa Chuo cha Trinity mjini Dublin waligundua kwamba chupa za aina hiyo zinapotumiwa kutayarisha maziwa kwa maji moto huweza kutoa hadi chembe milioni 16 za plastiki katika kila lita. Kadiri maji yalivyokuwa moto, ndivyo chembe zilivyoongezeka. Madhara yake kwa watoto bado yanachunguzwa.

Hata hivyo, usikimbilie kukoroga maziwa ya unga kwa maji baridi. Unga huo huweza kuwa na viini vya maradhi, ndiyo maana Shirika la Afya Duniani hushauri utumie maji yaliyochemshwa ambayo hayajapoa chini ya digrii 70. Basi mama afanyeje?

Jibu ni rahisi. Koroga maziwa ndani ya chombo safi cha kioo au cha stili. Yaache yapoe hadi yawe vuguvugu, kisha ndipo uyatie katika chupa. Ukishachemsha chupa ili kuua viini, isuuze kwa maji yaliyochemshwa na kupozwa. Usipashe chakula moto kikiwa ndani ya plastiki, na chupa iliyokwaruzika au kupasuka usiitumie tena.

Uji nao uache upoe katika bakuli la stili au la udongo. Mikebe ya siagi, ya mafuta ya kupikia na ya rangi iwekee vibanio vya nguo.

Kumbuka pia kwamba mtoto wa chini ya miezi sita hahitaji ila maziwa ya mama pekee. Ukienda kazini, kamulia maziwa yako katika kikombe safi chenye kifuniko na umfundishe yaya kumnywesha mtoto kwa kikombe. Hata mtoto mchanga huweza kunywa hivyo, na kikombe ni rahisi kuosha kuliko chupa.

Muhimu zaidi, zungumza na yaya kwa upole. Yule wa rafiki yangu hakuwa mzembe. Hakuna aliyewahi kumweleza. Siku hiyo rafiki yangu alifungua kabati, akatoa bakuli la stili alilokuwa amewawekea wageni, akamkabidhi. Wewe je, vyombo vyako bora umemwekea nani?